Mjumbe wa Simu Kumi

Msijisumbue kuitafuta nchi yetu kwenye ramani. Ipo, tena ipo vizuri sana, ila ramani yake hupakuliwa upya kila wiki na haijawahi kumaliza kupakuliwa. Nasema mapema ili mtu asije akadai nimemsema mtu. Mimi sijamsema mtu. Naipenda serikali yangu, nayo inajua kwamba naipenda, maana kila asubuhi iliniuliza na mimi nikabonyeza "Ndiyo". Kitufe cha "Hapana" tumeahidiwa kitakuja katika toleo lijalo.

Kwetu hatuamkiani kama watu wa zamani. Umelalaje, watoto hawajambo, mgonjwa anaendeleaje, hayo yote yalifutwa kwa sababu yanapoteza muda. Mtu akikutana na mwenzake anauliza, "Umesasisha?" Mwenzake anajibu, "Nimesasisha, sijui wewe." Basi wote wawili wanaingiwa na wasiwasi, wanatoa simu kuhakikisha, na kweli, tangu waanze kusalimiana toleo jingine limeshatoka. Wanaachana hapohapo mbiombio. Wageni wakiona zile mbio husema watu wetu wana bidii ya kazi.

Halafu kuna Sheria ya Mwananchi. Zamani mwananchi alikuwa mtu. Ikaonekana mtu ana matatizo mengi: anazeeka, anahama, anabadilisha mawazo bila taarifa. Bunge likakaa, likala chakula cha mchana, likapitisha kwamba kuanzia leo mwananchi ni simu, na yule anayeishika ataitwa mbebaji. Simu ndiyo inayotambuliwa hospitali, simu ndiyo inayoandikishwa shule, na mbebaji kazi yake ni kuifikisha. Tulishangilia sana. Tuliletewa ujumbe kwamba tushangilie.

Mimi nilikuwa Mjumbe wa Simu Kumi. Nasikia nchi nyingine bado wana wajumbe wa nyumba kumi, wenyewe na maendeleo yao ya kusuasua. Mimi nilikabidhiwa simu kumi za mtaa wetu: nihakikishe zina chaji, zina kava la heshima, vioo havijapasuka kupita kiasi, na haijazimwa hata moja. Kuzima simu kwetu ni kujificha, na anayejificha ana lake jambo. Nilikuwa na kofia na filimbi. Jina langu Kilindo, ila mtaani waliniita Mjumbe, na nikikasirika sikuitika jina jingine. Nilikuwa nakasirika mara kwa mara, nisiwafiche. Kazi ile haikuwa na kukaa chini.

Katika simu zangu kumi, moja ilibebwa na Siwema, mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, mwalimu wa chekechea. Nimemlea mwenyewe. Ana mdomo, hilo namwambia hata usoni, lakini akicheka nyumba nzima inachangamka. Siwema akapendana na Nasibu, mwoka mikate wa mtaa wa pili, kijana mpole, mikono yake inanukia hamira saa zote. Nami nikabariki. Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha.

*

Posa kwetu haina barua. Mshenga anakuja na waya wa chaja uliofungwa kwenye kitambaa cheupe. Wazee wanakaa, wanakohoa, simu ya binti inaletwa juu ya sinia, na mshenga anachomeka mbele ya mashahidi. Waya ukiingia na simu ikaanza kuchaji, posa imekubaliwa. Usipoingia, wageni wanamaliza chai yao na kuaga, wala hakuna wa kuwalaumu. Watu wa chaja mbili tofauti watakaaje nyumba moja? Nimeshaona wachumba waliopendana tangu shule wakiachana kwa kichwa cha waya.

Waya wa Nasibu uliingia bila shida, simu ikalia, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilitokwa na machozi nikasingizia moshi.

Wizara ya Masasisho ikautambua uchumba palepale, ikatuma pongezi pamoja na masharti. Masharti yalikuwa marefu. Mimi kama raia mwema nilikubali bila kusoma. Aliyesoma ni Siwema, na alipomaliza akaja kunitafuta uani.

"Mjomba, hapa wanasema siku ya ndoa simu zote mbili ziwe toleo moja. Zisipokuwa sawa hadi Ijumaa jioni, uchumba unafutika, na mfumo unanipa mlinganifu mwingine."

"Sasa tatizo liko wapi? Mfumo utakupa mtu mbaya?"

"Umeshamtaja. Mheshimiwa Rukonge."

Nikavua kofia nikakaa juu ya ndoo.

Mheshimiwa Rukonge, Naibu Waziri wa Masasisho, ni kiongozi mwenye maono, sina la kusema. Ana simu tatu, na kila simu ina mtu wake wa kuipepea. Wake zake wa zamani wote aliwabadilisha wakiwa bado ndani ya waranti. Mwezi mmoja kabla alikuja kuzindua soketi kwenye chekechea ya Siwema. Aliihutubia ile soketi hadi watoto wakasinzia, na katikati ya hotuba jicho lake likamwangukia mwalimu. Tangu siku hiyo mfumo, ambao hauna upendeleo, ukaanza kumwona Siwema analingana naye.

"Mimi kwa yule mzee siendi," Siwema akasema. "Nakwambia sasa hivi, mjomba, ili usije ukasema hukuambiwa. Bora nife."

"Usiseme hivyo. Serikali haiwezi kutushinda kwa kitu tunachokitii," nikamwambia. Nilikuwa naamini.

*

Jumatatu tulikwenda kwa fundi simu. Simu ya Siwema ilikuwa imesasishwa, ya Nasibu imebaki nyuma. Fundi akaitazama akatikisa kichwa. "Memori imejaa. Futa kitu."

Nasibu akafuta nyimbo. Haikutosha. Akafuta picha za mikate. Haikutosha. Zikabaki picha za marehemu baba yake, amesimama mbele ya tanuri, unga mpaka kwenye kope. Kijana akaziangalia moja moja, akaona aibu kulia mbele ya mkwe, akazifuta. Simu ikashukuru, ikaanza kujisasisha.

Ilipofika mwisho ikamtaka aweke kidole. Ndugu zangu, mwoka mikate hana kidole. Trei za moto zimeshamlainisha, alama zote zimefutika. Simu ikasema, "Wewe si mbebaji wangu." Akajaribu vyote kumi. Ikamwambia ikiendelea kushikwashikwa na mtu asiyejulikana itapiga kelele. Fundi akakuna kichwa, akamwandikisha pua. Kuanzia hapo kila Nasibu alipotaka kutumia simu ilibidi aisogelee kama anaibusu, na watoto wa mtaani wakapata kazi ya kumfuata.

Lakini ilikubali. Tukapeana mikono. Siwema akatoa yake kwenye mkoba ili tulinganishe, kumbe muda wote tukiwa pale nayo haikukaa bure. Ilikuwa imeingia toleo la mbele, ambalo limebadilisha rangi ya saa.

Jumanne tukaipandisha ya Nasibu. Jumatano asubuhi zilikuwa sawa kabisa, tukakimbia hadi kwa Msajili wa Ulinganifu, tukakuta foleni imezunguka jengo. Tulipofika dirishani ikatangazwa kwamba kuanzia mchana huo simu ya maharusi lazima ivae kava lenye kola. Tukatafuta makava mji mzima. Ya kike yalikuwapo, ya kiume yameisha. Mtu alikuwa ameyanunua yote kwa jumla. Sitaji mtu. Siwema akakata kola ya shati langu la sikukuu akaibandika kwa gundi. Tukarudi mbio, na tukiwa kwenye ngazi simu ya Nasibu ikatetemeka, ikajisasisha yenyewe bila kuulizwa, ikaomba pua.

Alhamisi sitaki hata kuisimulia. Toleo la siku hiyo lilibadilisha tundu la chaja. Simu ya Siwema ikabaki na asilimia tatu, tunazunguka na waya wa posa ambao sasa hauingii popote, kila duka wanasema mpya zitafika wiki ijayo. Siwema alikaa chini barabarani na viatu mkononi. Uso umemnywea, macho mekundu. Nasibu akachuchumaa pembeni yake. Mimi nikawafokea wote wawili wainuke, halafu nikaenda nyuma ya duka nikajifokea mwenyewe.

Mwenye duka akatuhurumia, akatutolea chini ya meza waya wa kiraka, unaoingia tundu jipya.

*

Ijumaa nilifanya jambo ambalo mjumbe hapaswi kulifanya. Nilikuwa na laptopu ya ofisi, ya kusasishia simu zangu zote kumi kwa mpigo. Nikaiwasha alfajiri. Ikasema itanihudumia ikishajisasisha yenyewe. Nikasubiri, nimesimama, nimekaa, nimesimama. Ilipomaliza nikaunganisha simu ya Siwema, na ya Nasibu, ambaye simu yake haikuwa chini yangu, lakini nani anahesabu. Zikawa sawa. Sasa shida ni kuzifikisha kwa Msajili kabla hazijapata toleo jingine njiani. Kuzizima haiwezekani, ni kosa.

Nasibu ndiye aliyesema, "Mzee, nikiwa nimeiweka simu ndani ya tanuri baridi, haipati mtandao. Bati linazuia."

Tukatafuta sufuria kubwa la mfuniko, tukaziweka humo, juu tukafunga kwa kitambaa. Nikavaa kofia yangu, nikajitwika sufuria, nikatoka, Siwema na Nasibu nyuma yangu. Watu wakiuliza "Umesasisha?" najibu "Nimesasisha" bila kugeuka. Sufuria lilikuwa kimya. Sijawahi kuogopa kimya kama kile. Nikashukuru kila hatua ambayo halikutetemeka.

Msajili wa Ulinganifu alikuwa bwana mnene mwenye sauti ya kutoka mbali. Akafunua sufuria, akazitoa simu, akazilaza kwenye mto wa velveti. Akatazama moja, akatazama nyingine. Zilikuwa toleo moja, kola zimenyooka.

"Zimelingana," akasema. "Mbebaji wa kike, sogeza uso kwa uthibitisho."

Siwema akasogeza. Simu ikamtazama, ikamtazama tena. Wiki nzima ya kukimbia na kulia ilikuwa imembadilisha. "Uso huu haufahamiki," ikasema. Nasibu naye akainamisha pua, lakini pua ilikuwa imeungua na mvuke wa tanuri. Haikufahamika.

Nikashika ukingo wa meza. Msajili akacheka kwa upole.

"Mjumbe, iachie meza yangu. Sheria iko wazi. Uso ni adabu tu, si sharti. Wananchi wenyewe hawa hapa, wamelingana." Akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Kwa mamlaka niliyopewa na toleo lililopo sasa, na yatakayofuata, na marekebisho yake madogo madogo, natangaza kuwa simu hii na simu hii ni mume na mke. Ziwekwe chumba chenye soketi mbili."

Wimbo ukapigwa kutoka kwenye spika. Karani akapiga makofi. Siwema alikuwa bado amesimama na uso wake mbele.

"Na sisi?" akauliza.

"Nyinyi vipi?"

"Sisi hatujaoana?"

"Binti yangu, mbebaji haolewi. Mbebaji anabeba."

Nilimvuta mkono tukatoka. Nilimwambia hizo ni lugha za ofisini, kwamba mbele ya Mungu na majirani wao ni mke na mume, kwamba la muhimu Mheshimiwa Rukonge ameshakosa. Tulikuwa bado kwenye ngazi simu ya Siwema ilipolia. Aliisoma kwa sauti, taratibu, kama anavyowasomea watoto wake.

"Hongera kwa ndoa. Kwa kuwa mwananchi huyu sasa atakaa nyumbani, mbebaji wake amebaki bila kazi. Mbebaji anahamishiwa simu za Mheshimiwa Naibu Waziri, makazini kwake, kuanzia kesho asubuhi. Bonyeza Ndiyo."

Hapakuwa na kitufe kingine. Mjumbe mimi, niliyekubali masharti yote ya nchi hii tangu ya kwanza, nilichukua mkoba wa mtoto wa dada yangu nikaubeba mimi.

*

Nyumbani hakulia. Aliingia chumbani kwangu akachomeka simu mbili kwenye soketi mbili, akazipangusa vumbi kwa upindo wa kanga.

"Mjomba, serikali inasema Siwema ni nani?"

"Ni hiyo simu, kwa mujibu wa sheria."

"Na Nasibu?"

"Ni hiyo nyingine."

"Basi Siwema na Nasibu wanabaki kwako. Usiwaache wakaishiwa chaji."

Akanikumbatia. Nilijua anafanya nini, na filimbi ilikuwa shingoni mwangu, na sikuipiga. Yeye na Nasibu walitoka jioni ileile na kifurushi cha nguo na mfuko wa unga. Kwenye kizuizi cha barabara, nilikuja kuambiwa, askari waliwaona wanakuja, wakaangalia mashine, mashine ikasema barabarani hakuna mwananchi yeyote. Askari wakaamini mashine, wakaendelea kusasisha.

Asubuhi gari la Mheshimiwa lilifika. Wakashuka vijana wawili wa suti.

"Tumemfuata Siwema."

"Siwema huyu hapa," nikawaonyesha.

Wakaikagua. Yupo, ana chaji, ameolewa, amelala. "Tunamtaka mbebaji wake."

"Mbebaji ana namba gani?"

Wakatazamana. Mbebaji hana namba. Wakatafuta kwenye mfumo jina lake, mfumo ukawaelekeza kwenye soketi yangu. Wakatafuta tena kwa njia ya ramani, ramani ikawaleta palepale miguuni pao. Mmoja wao alianza kuuliza swali, simu yake ikalia kwamba isiposasishwa sasa hivi yeye mwenyewe hatatambulika, wakaondoka mbio.

Niliketi kitandani. Nikacheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikaogopa, halafu nikacheka tena.

Jirani yangu Mama Chausiku alikuwa ameona yote dirishani. Kesho yake akaja na simu yake. "Mjumbe, simu yangu imewazoea maharusi, inataka kuwatembelea kidogo. Nitaifuata." Akaichomeka akaenda shamba kwao, ambako alikuwa hajafika tangu sheria ipite. Hakurudi kuifuata. Juma hilohilo akaja mwingine, simu yake inaumwa, inahitaji kupumzika karibu na mjumbe. Halafu mtu na mkewe. Mwisho simu zangu zote zilikuwa chumbani kwangu, zimejipanga kwenye waya, zinasasishwa pamoja, hazichelewi, hazivunjiki, haziendi popote. Mtaa ukawa kimya. Mara kwa mara ulisikia mtu anacheka mbali huko, ukatafuta ni nani usimwone.

Wizara ikaona takwimu zetu ikapigwa na bumbuwazi. Hakuna ugomvi, hakuna uzururaji, chaji asilimia mia usiku na mchana. Tukatangazwa mtaa wa mfano. Mheshimiwa Rukonge akaja mwenyewe kutoa nishani, na wapepeaji wake watatu.

Nilimfungulia mlango wa chumba. Akatazama zile simu kwenye rafu. Mimi nikajua nimekwisha. Yeye akarekebisha tai.

"Ndugu Wananchi," akaanza. Akazihutubia. Akasema hajawahi kuona hadhira yenye nidhamu kama ile, ambayo haisinzii, haikohoi, haiulizi bei ya mafuta ya kupikia. Akasema huu ndio ustawi ambao waasisi waliuota. Akasema angetamani siku moja nchi nzima iingie katika chumba kimoja. Toleo jipya likatoka wakati huohuo, simu zote zikatetemeka pamoja juu ya rafu. Akadhani ni makofi, akatoa leso akajifuta macho.

"Hawa wabebaji wao wako wapi?" akaniuliza akiwa anatoka.

"Wanabeba, Mheshimiwa."

"Safi sana," akasema, akanibandikia nishani kwenye kava la simu yangu.

*

Dereva mmoja wa lori la vitunguu ndiye aliyeniletea habari. Alisema ng'ambo ya mpaka kuna duka la mikate, mwenyewe anaitwa Nasibu, na mkewe anauliza kila lori linalopita kama kuna anayemfahamu mjomba wake. Walifunga ndoa huko mbele ya watu, wakala pilau, na ng'ambo ile hakuna aliyewauliza toleo. Mkewe hivi sasa anatembea kwa shida kidogo, dereva akasema, tumbo limeshakuwa kubwa. Anaomba mjomba aje kumpa mtoto jina.

Nilimwambia dereva kwamba mimi ni mtu wa serikali, siwezi kuacha kituo changu hivihivi. Akasema sawa, lori linaondoka baada ya chai. Nikaingia chumbani. Nikazihesabu simu zangu, zote zipo. Nikatafuta soketi iliyobaki wazi nikachomeka yangu na nishani yake, nikafunga mlango kwa funguo. Filimbi nikaiacha juu ya kitanda.

Kwa hiyo haya nawasimulia nikiwa nyuma ya duka la mikate, nimeketi juu ya gunia la unga, kitukuu wa mama yangu amelala kwenye mapaja yangu na amenilowesha. Siwema ana mdomo uleule. Jana aliniuliza nitarudi lini nyumbani, maana dereva wa vitunguu amekuja na habari kwamba Wizara inanisifu kuliko wajumbe wote, na imenipandisha cheo.

"Nirudi wapi?" nikamwambia. "Mimi sijaondoka."